Hesabu difu ya mbele kwanza

Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota Hilux ya zamani, fo wili (inayoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne), ile yenye ekseli nzima mbele na springi za mabamba pande zote. Difu ya nyuma (mtambo wa gia katikati ya ekseli unaopeleka nguvu kwenye magurudumu) ilianza kulia kidogo kidogo, sasa inanguruma hata nikienda taratibu, na nilipomwaga oili nilikuta vipande vya chuma. Nimepata difu iliyotumika kutoka pikapu kama yangu. Fundi wangu ameangalia, anasema iliyokuwa kwenye gari ni 41 kwa 10 (meno 41 ya krauni, gia kubwa ya ndani, kwa meno 10 ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha) na hii ninayotaka kununua ni 43 kwa 10, yaani 4.1 na 4.3, na kwamba tofauti ndogo hivyo haitasumbua. Pia lo, ile gia nzito ya transfa, inachomoka yenyewe nikipanda mlima, naye anashauri tushushe giaboksi na transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) kwa pamoja tuweke nyingine. Matairi niliyoweka ni makubwa kidogo kuliko ya kiwandani. Nifunge?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usifunge bado. Na kama difu imeshafungwa wakati unasoma haya, usiguse kabisa mkono wa transfa mpaka ufike mwisho.

Umenitajia difu mbili, ya nyuma iliyokufa na ya nyuma unayotaka kununua. Ya mbele hamkuitaja, wewe wala fundi wako, na ndiyo itakayoamua. Gari la umri huo limepita mikononi mwa watu wengi. Mmiliki wa pili au wa tatu anaweza kuwa alishabadilisha kichwa kimoja (difu nzima pamoja na gia zake) bila kumwambia mtu. Ikiwa ya mbele ni 41 kwa 10, hiyo difu usiifunge nyuma peke yake. Ikiwa ni 43 kwa 10, basi hiyo ndiyo difu uliyokuwa unaihitaji tangu mwanzo, na huenda umepata pia sababu ya ile ya kwanza kufa mapema.

Sasa nikueleze kwa nini 4.1 na 4.3 si tofauti ndogo. Kwenye Hilux hizi, ukiwa kwenye tu wili, transfa inapeleka nguvu nyuma peke yake. Ukiingiza fo wili, transfa inazifunga propela mbili (shafti zinazopeleka nguvu kwenye difu) pamoja kana kwamba ni chuma kimoja. Hakuna difu ya katikati ya kuzipa nafasi kila moja iende mwendo wake. Propela ya nyuma ikizunguka mara 100, ya mbele nayo inazunguka mara 100, itake isitake. Kwa difu ya 43 kwa 10, mizunguko hiyo 100 inayageuza magurudumu ya nyuma mara 23 na robo hivi. Kwa 41 kwa 10, magurudumu ya mbele yanageuka zaidi ya mara 24. Piga hesabu hiyo barabarani: wakati matairi ya nyuma yamekwenda mita 1000, ya mbele yanataka yawe yamekwenda mita 1049. Chasi ni moja, haiwezi kurefuka. Hizo mita 49 lazima zimalizikie mahali, na zinarudi tena kila kilomita.

Kwenye tope zito au mchanga zinamalizikia kwenye tairi. Tairi linateleza, unahisi gari limekuwa zito kidogo, usukani unavuta, unaendelea. Kwenye mwamba, kokoto zilizoshindiliwa au lami, tairi halitelezi kirahisi, kwa hiyo kinachojipinda ni chuma: ekseli shafti, krosi (viungo) za propela, meno ya transfa, krauni na pinioni. Vyote vinakazana kama kamba inayosokotwa, mpaka kilicho dhaifu kuliko vingine kikatike. Dalili ya mwanzo huwa ni mkono wa transfa kugoma kutoka kwenye fo wili mpaka urudishe gari nyuma kidogo.

Nilijifunza hili kwa kosa langu mwenyewe nikiwa bado kijana wa gereji. Tulikuwa na pikapu ya mteja iliyovunjika meno ya difu ya nyuma, na rafuni kulikuwa na kichwa kingine, stadi (bolti za kukishikia) zile zile, ekseli shafti zikaingia vizuri. Nilitumwa kuhakikisha kwamba namba ni moja. Nikachukua chaki, nikaweka alama kwenye jino la krauni ya zamani, nikahesabu: 41. Nikahesabu ya pili: 41. Nikasema ni sawa, tukafunga, mteja akaondoka. Siku ya tatu alirudi anavutwa. Alikuwa ameingiza fo wili apande mlima wa mawe, krosi ya propela ya mbele ikakatika, na propela ile ikajipiga chini ya gari mpaka ikapasua nyumba ya transfa. Fundi mkubwa alishusha kile kichwa nilichokipitisha, akanipa chaki ile ile, akaniambia sasa hesabu pinioni. Ya zamani ilikuwa na meno 10. Niliyoifunga mimi ilikuwa na 9. Krauni zote mbili meno 41, lakini moja ni 4.1 na nyingine ni 4.56. Tangu siku hiyo sijawahi kumkubalia mtu anayenitajia namba ya krauni peke yake. Nataka namba mbili, na nataka nione anavyohesabu.

Kwenye familia hii ya difu za Toyota, zile za krauni ya inchi 8, utakutana sana na 41 kwa 10, 43 kwa 10, 41 kwa 9 na 39 kwa 8. Ya mwisho ni 4.875. Kwa macho, vichwa vyote hivyo vinafanana kabisa.

Habari njema ni kwamba ya mbele unaweza kuihesabu bila kufungua hata nati moja. Simamisha gari pahali tambarare, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au magogo mbele na nyuma, vuta hendibreki. Weka transfa kwenye tu wili ili propela ya mbele iwe huru. Kisha funga habu zote mbili za mbele (vifungio vya katikati ya magurudumu vinavyoyaunganisha na shafti), ya kushoto na ya kulia, kwa mkono. Watu wengi wanakosea hapa, wanafunga habu ya gurudumu watakalolizungusha tu. Ile ya pili ikiwa wazi, shafti ya upande ule itazunguka ovyo na hesabu yako haitakuwa na maana. Piga jeki gurudumu moja la mbele, weka stendi chini ya ekseli (usitegemee jeki peke yake hata kwa dakika mbili), na lile jingine likae chini likiwa na uzito wa gari. Chora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela ya mbele.

Sasa mtu mmoja azungushe tairi taratibu mizunguko 20 kamili, na mwingine alale pembeni ahesabu propela. Kwa kuwa gurudumu moja limeshikwa na ardhi, hili lililoinuliwa linazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni. Kwa hiyo mizunguko 20 ya tairi ni 10 ya krauni. Propela ikizunguka mara 41, una 41 kwa 10. Ikizunguka mara 43, una 43 kwa 10. Ikiwa ni 45 na nusu, una 41 kwa 9. Ikikaribia 49 lakini haifiki, una 39 kwa 8. Usifanye kwa mizunguko miwili ya tairi kama wengi wanavyofanya. Kwa mizunguko miwili, tofauti kati ya 4.1 na 4.3 ni moja ya tano tu ya mzunguko, na ulegevu wa meno ya zamani unatosha kukudanganya. Kwa 20, kosa dogo halikufichi kitu. Hesabuni mara mbili, na msipopata namba ile ile, hesabuni mara ya tatu.

Ukikuta ya mbele ni 43, nunua hiyo difu kama ni nzima, na nitakuja kwenye namna ya kuikagua. Ukikuta ni 41, una njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuendelea kutafuta kichwa cha nyuma cha 41 kwa 10. Hakuna la kueleza hapo.

Ya pili ni kuchukua vichwa vyote viwili kutoka kwenye gari lile lile linalovunjwa, cha mbele na cha nyuma, vyote 43 kwa 10. Mimi kwa gari lako ningeielekea hii, kwa sababu ya yale matairi. Tuseme tairi la kiwandani lilikuwa na kimo cha sentimita 72 na ulilofunga lina 78. Tairi kubwa linafanya difu yako ifanye kazi kana kwamba ina uwiano mdogo zaidi: 4.1 yako inakuwa kama 3.8, na ndiyo maana gari limekuwa zito kuondoka na unarudisha gia mlimani pale ulipokuwa hurudishi. Ukiweka 4.3 inakuwa kama 3.97, karibu na ulipokuwa. Ukiweka 41 kwa 9 mbele na nyuma inakuwa 4.2, juu kidogo ya kiwandani, na kama gari linabeba mzigo kila siku kwenye miinuko hiyo ndiyo bora kuliko zote. Injini itazunguka zaidi kidogo kwenye mwendo mrefu, lakini klachi itakushukuru. Spidomita nayo inaendeshwa kutoka kwenye transfa, kwa hiyo itabadilika usomaji. Ipime upya dhidi ya mwendo halisi kabla ya kuiamini. Pima kimo cha matairi yako wewe mwenyewe, kuanzia chini hadi juu, gari likiwa limebeba uzito wake wa kawaida. Na pima ya mbele na ya nyuma, kwa sababu tairi jipya nyuma na lililokwisha mbele linaleta ugomvi ule ule wa difu zisizolingana, ila kwa kiasi kidogo.

Njia ya tatu ni ya dharura. Kama gari ndilo linalokulisha na huwezi kusubiri, difu ya 43 nyuma na 41 mbele itaenda bila madhara ukiwa kwenye tu wili na habu wazi, maana mbele hakuna kinachozungushwa na transfa. Lakini usitegemee kumbukumbu. Siku utakayomwazima ndugu gari, atakwama, ataingiza fo wili. Fungua propela ya mbele kabisa, uiweke nyumbani, mpaka upate ya kulingana. Bolti 4 kila upande, weka alama za patasi kwenye flenji (sahani za kuungia) ili irudi ilivyokuwa.

Kabla hujatoa fedha ya difu yoyote, hakikisha kwanza kwamba ya zamani imekufa kweli na imekufa kwa nini. Kunguruma peke yake hakutoshi. Beringi ya gurudumu inanguruma pia, ila sauti yake inabadilika ukiyumbisha gari kushoto na kulia. Krosi ya propela iliyokwisha inagonga mara moja unapobadilisha kutoka kwenda mbele kurudi nyuma, na propela iliyopinda inatetemesha gari kwa mwendo fulani tu. Difu ikilia unapokanyaga mafuta na kunyamaza unapoachia, mguso wa meno upande wa kusukuma umeharibika. Ikilia unapoachia tu, ni upande wa pili. Ikinguruma wakati wote, bila kujali mguu wako, mara nyingi ni beringi za pinioni. Wewe umekuta vipande kwenye oili, kwa hiyo jambo limeshapita sauti, lakini viangalie vile vipande. Uji wa kijivu laini kwenye sumaku ni wa kawaida kwa difu yoyote ya zamani. Kipande kinene chenye upande mmoja uliong'aa kama kioo ni jino. Vipande vyembamba kama bati ni kizimba cha beringi. Ikiwa ni beringi na meno bado ni mazima, fundi anayejua difu anaweza kuijenga upya ile ile yako, na hapo swali la 41 na 43 linakwisha lenyewe. Ila ukubali ukweli kwamba pinioni iliyozunguka muda mrefu kwenye beringi legevu huwa imeshakula meno yake vibaya.

Tuje kwenye kukagua kilichotumika. Kichwa cha difu hii kinatoka kizima mbele ya nyumba ya ekseli, kwa hiyo krauni unaiona yote mezani, na hakuna sababu ya kununua kwa kuamini. Pangusa oili kwa kitambaa na petroli kidogo. Zungusha flenji ya pinioni kwa mkono, polepole, mpaka krauni imalize duru nzima. Unataka mzunguko ulio laini na wenye uzito ule ule mwanzo hadi mwisho. Ukihisi vijiwe vidogo chini ya kiganja, beringi zimekwisha. Ukihisi inakaza sehemu moja na kulegea nyingine, krauni imepinda au imefungwa vibaya. Shika flenji uivute na kuisukuma kwa mstari wa pinioni: isisogee hata kidogo. Kisha shikilia krauni, utikise flenji kwa mzunguko. Hapo kuna uchezaji, na lazima uwepo. Kwa difu hizi za inchi 8 kiwango ni milimita 0.13 hadi 0.18, kikipimwa kwa daili geji (saa ya kupimia) kwenye ncha ya jino la krauni. Kwa mkono ni mguso mdogo tu. Ukisikia "tak, tak" ya wazi, achana nayo.

Halafu meno. Tafuta mwanga mzuri, angalia jino moja moja pande zote mbili. Rangi ya bluu au kahawia maana yake iliwahi kukauka oili. Vitundu vidogo kama vya sindano kwenye uso wa jino ni uchovu wa chuma, navyo vitaongezeka. Angalia pia gia ndogo za ndani na pini yake, maana gari lililokuwa likizungusha gurudumu moja matopeni huzimaliza hizo kabla ya krauni.

Nikiwa na rangi ya kupimia sikosi kufanya jambo moja zaidi, na nakusihi umwombe fundi wako alifanye mbele yako. Paka rangi nyembamba meno 3 au 4 ya krauni pande zote mbili, mwingine aizuie krauni kwa kipande cha mti ili iwe nzito, zungusha pinioni mbele na nyuma. Mahali meno yanapogusana, rangi inaondoka na kuacha alama. Alama inayokaa katikati ya urefu wa jino au inayosogea kidogo kuelekea ndani, na isiyopanda hadi ncha wala kushuka hadi kwenye shina, ni ya difu iliyofungwa vizuri. Alama iliyobanwa juu kabisa inasema pinioni iko mbali na krauni. Iliyozama chini inasema pinioni imeingia mno. Difu yenye alama hizo italia ndani ya wiki chache hata kama beringi ni mpya. Na usikubali kamwe kuchanganya krauni ya kichwa kimoja na pinioni ya kingine, hata kama namba za meno zinalingana. Vinasagwa pamoja kiwandani vikiwa jozi na vinabaki jozi maisha yao yote.

Kama unachukua vichwa viwili, jua kwamba kwenye ekseli ya mbele ya aina yako gari likienda mbele linasukumwa na uso wa jino ambao kwenye ekseli ya nyuma hufanya kazi unapoachia mafuta. Kila kichwa kirudi upande kilikotoka. Hesabu pia stadi za nyumba ya ekseli, na michirizi kwenye ncha ya ekseli shafti, ambayo kwa kawaida ni 30, uilinganishe na ya kichwa unachonunua kabla ya kukipakia. Vichwa vya magari yenye injini ya silinda 6 vina beringi kubwa zaidi, kwa hiyo usitegemee vipuri vyake kuingiliana na vya silinda 4.

Kazi yenyewe ya kubadilisha si ngumu kwa fundi aliyezoea, lakini kuna sehemu za kuwa makini. Ekseli shafti za nyuma zinatoka pamoja na sahani ya breki, nati 4 kila upande, na bomba la breki lazima lifunguliwe, kwa hiyo panga kutoa hewa kwenye breki baadaye. Shafti ikiwa nje, badilisha sili yake ya oili hata kama inaonekana nzima. Sili ndogo iliyopasuka itamwaga oili ya difu kwenye viatu vya breki na utajuta mteremkoni. Kichwa kina zaidi ya kilo 30 na kinashikika vibaya, kwa hiyo pata jeki ya chini au mtu wa pili. Safisha ndani ya nyumba ya ekseli hadi kitambaa kitoke cheupe, ukifika mpaka ndani ya mirija miwili ya pembeni. Vile vipande ulivyoviona kwenye oili vimekaa humo, na vikibaki vitaingia kwenye beringi za difu mpya siku ya kwanza.

Usiruhusu mtu kukaza nati ya flenji ya pinioni kwa nguvu za mwili ili tu kuzuia oili inayovuja. Kati ya beringi mbili za pinioni kuna kibomba chembamba kinachojikunja nati inapokazwa, na kule kujikunja ndiko kunakopima mkazo wa beringi. Ikipitilizwa, kuilegeza nati hakurudishi kitu. Kibomba kimeshakufa, lazima kiwekwe kipya na kazi ianze upya.

Mwisho wa difu, fuata kile kijibomba cha hewa juu ya nyumba ya ekseli. Kwenye magari ya zamani karibu kila mara kimezibwa na matope. Difu ikipata moto hewa inapanuka, ikikosa pa kutokea inasukuma oili kupitia sili. Ukiingia mtoni na difu ya moto, hewa inasinyaa ghafla na kufyonza maji kupitia sili hizo hizo. Ukikuta oili nyeupe kama maziwa, ndiyo hiyo. Kizibue, na kama unavuka maji mara kwa mara, kirefushe kwa mpira mpaka juu kwenye bodi. Kwenye difu weka oili ya gia yenye alama ya GL-5, mpaka ianze kutiririka kwenye tundu la kujazia gari likiwa limesimama sawa.

Kuhusu lo inayochomoka, sioni sababu ya kushusha giaboksi na transfa kwa kilichoelezwa. Anza na vitu vya juu. Chini ya mkono wa transfa kuna kiti na bushi ya plastiki, na kwenye Toyota za umri huu bushi hiyo mara nyingi imeshavunjika vipande. Mkono unacheza, wewe unadhani umeingiza gia mpaka mwisho kumbe imeishia njiani. Ni kazi ya nusu saa. Kisha fungua boneti, mtu akanyage breki na kuachia klachi kidogo, uangalie injini inavyoinuka. Mpira wa kushikia injini au giaboksi uliokatika unaruhusu mtambo wote kupinda gari likivuta, na mkono wa transfa unagonga sakafu na kujichomoa. Jaribu hivi: ondoa raba ya kufunika mkono wa transfa, panda ule mlima, mwenzako aangalie kama mkono unagusa ukingo wa tundu kabla ya kuchomoka. Baada ya hapo ndipo uangalie vile vigololi na springi ndogo zinazoshikilia fimbo za gia, zinafikika kwa kufungua bolti zake kwa nje, springi iliyochoka inabadilishwa bila kushusha chochote. Ikiwa yote hayo ni mazima na bado inachomoka, hapo ni foku (uma unaosogeza gia) iliyolika au meno ya gia yaliyokwisha kona, na transfa ishushwe. Transfa peke yake. Giaboksi umesema inaingia gia zote na hailii? Hukutaja kasoro yake, kwa hiyo nachukulia ni nzima, na kitu kizima hakishushwi.

Ukishafunga kila kitu, endesha dakika 20 bila mzigo, simama, gusa kichwa cha difu kwa mgongo wa mkono. Joto unaloweza kulivumilia ni sawa. Likikufanya uondoe mkono mara moja, beringi zimekazwa mno, rudi kwa fundi siku hiyo hiyo. Ikiwa umeweka krauni na pinioni mpya kabisa, usivute wala usibebe mzigo mzito kwa kilomita 800 za mwanzo, kisha mwaga oili ile uweke nyingine. Kwa kichwa kilichotumika, mwaga kiasi kidogo baada ya kilomita 100 kwenye chombo cheupe na upitishe sumaku. Ukipata uji laini, jaza tundu uendelee na safari zako. Ukipata hata kipande kimoja kinachokwaruza kati ya vidole viwili, simamisha gari na uniandikie, pamoja na namba ulizohesabu mbele na nyuma.